Kufunga madokezo na programu za siri kwenye simu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wakiniletea simu zao huwa wanataka jina tu: "Nipe ile programu nzuri ya kufungia." Mimi huwarudishia swali ambalo wengi hawakulitarajia: unamfungia nani? Kufuli linalomshinda mwizi wa simu halimshindi mtu mnayelala chumba kimoja, na linalomshinda huyo halimsumbui hata kidogo anayelijua nenosiri la barua pepe yako. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanarudi kwenye swali hilo.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye kufuli la skrini, kabla hujapakua chochote. Simu za sasa husimba data yote iliyomo, yaani huyageuza maandishi yasisomeke bila ufunguo. Tangu iOS 8 (iOS ni mfumo unaoendesha iPhone) ya mwaka 2014, data za programu nyingi kwenye iPhone hulindwa na namba ya siri ya mwenye simu. Kwa upande wa Android, simu mpya zinazotoka na Android 10 kwenda juu zinalazimika kusimba data. Namba yako ya siri ni sehemu ya ufunguo huo. Mtu akiiba simu iliyofungwa, hata akiifungua kwa bisibisi na kung'oa kumbukumbu yake, anakuta vurugu tupu.

Ukiondoa kufuli la skrini kwa sababu linakuchelewesha, ulinzi wote huo unabaki bure. Simu inajifungulia yenyewe kwa yeyote aliyeishika.

Namba ya siri ya tarakimu nne inatosha?

Tarakimu nne zinatoa namba 10,000, na sita zinatoa 1,000,000. Simu yenyewe humchelewesha anayebahatisha: akikosea mara kadhaa anasubirishwa, na muda wa kusubiri unazidi kurefuka. iPhone unaweza kuiambia ifute kila kitu baada ya kukosea mara 10. Kwa hiyo mtu anayejaribu moja moja hafiki mbali, mradi namba yako si 1234, mwaka uliozaliwa au tarehe ya ndoa. Anayekujua hana haja ya kujaribu namba 10,000; anajaribu tano.

Weka sita, na zisiwe tarehe ya kitu chochote.

Mchoro wa kuunganisha nukta siupendi. Chukua simu yako sasa hivi, zima skrini, iinamishe karibu na dirisha mpaka mwanga uipitie kwa ubavu. Ile njia ya mafuta ya kidole unayoiona ndiyo mchoro wako, pamoja na kona zake. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliipiga picha michirizi ya namna hiyo na wakaweza kuisoma michoro mingi. Halafu mchoro ni rahisi kuonwa na aliyekaa pembeni yako, kwa sababu mkono wote unacheza.

Alama ya kidole na uso, kipi ni salama zaidi?

Inategemea simu. Apple wanasema uwezekano wa mtu baki kufungua iPhone yako kwa uso wake ni 1 kwa 1,000,000, na kwa kidole ni 1 kwa 50,000. Pacha wako hayumo kwenye hesabu hiyo. Lakini Face ID, yaani utambuzi wa uso wa iPhone, hupima umbo la uso kwa mwanga wa infraredi, wakati simu nyingi za bei nafuu hutumia kamera ya kawaida ya mbele tu, na baadhi yake hudanganyika kwa picha. Kama simu yako ilipokuwa inasajili uso ilikuonya kwamba njia hii si salama kama namba ya siri, iamini.

Kidole nacho kina lake: kinafanya kazi hata mwenyewe ukiwa umelala. Face ID kwa kawaida hutaka macho yawe wazi na yanaitazama simu, na ni vizuri mpangilio huo usiuzime.

Kuna jambo ambalo sijaona watu wengi wakiliangalia. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya alama za vidole, uhesabu. Vingapi vimesajiliwa? Vyote ni vyako? Nimewahi kukaa na mtu aliyekuwa anabadilisha namba ya siri kila wiki na bado siri zake zinatoka. Vidole vilikuwa vitatu kwenye orodha, na yeye alikumbuka kusajili viwili.

Ukiwa mahali ambapo unahofia kulazimishwa kuweka kidole, kwenye iPhone yenye Face ID bana kitufe cha pembeni pamoja na kimoja cha sauti kwa sekunde chache. Kuanzia hapo simu itakubali namba ya siri peke yake. Android nyingi zina kitu hicho hicho kwenye menyu ya kuzimia simu. Kuizima kabisa ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu simu ikiwashwa upya haikubali uso wala kidole mpaka namba iingizwe mara ya kwanza.

Mwenzangu anaijua namba ya siri ya simu yangu. Nikifunga programu moja moja, yuko nje?

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tangu iOS 18 ya mwaka 2024, iPhone inakuruhusu kufunga programu nyingi: bonyeza aikoni yake kwa muda, chagua idai Face ID. Ile uliyoipakua mwenyewe unaweza hata kuificha isionekane kwenye skrini ya mwanzo. Inapendeza. Sasa jaribu hivi: funga programu, kisha ifungue ukiwa umeuziba uso wako kwa mkono. Simu itashindwa kukutambua, halafu itakuomba namba ya siri. Namba ipi? Ile ile ya simu. Anayeijua namba hiyo anaingia.

Dokezo lililofungwa ndani ya programu ya madokezo ya Apple lina mtego huo huo. Tangu iOS 16 unaulizwa uchague kati ya kutumia namba ya simu na kutunga nenosiri tofauti. Wengi huchagua la kwanza kwa sababu ni rahisi. Kama unayemfungia anaijua namba ya simu, tunga nenosiri la pekee.

Kwenye Android hali ni nafuu. Samsung wana Folda Salama, ambayo inakuwa kama simu ndogo ndani ya simu: ina programu zake, picha zake na kufuli lake ambalo si lazima lifanane na la simu. Android 15 ilileta sehemu ya faragha yenye kazi kama hiyo, na ikifungwa programu zilizomo husimama kabisa na hazitoi arifa. Ukizitumia, zingatia mambo mawili. Mpangilio wa kujifunga uwe "mara skrini inapozimika," maana wa kawaida unaweza kuiacha wazi muda mrefu kuliko unavyodhani. Na sehemu ya faragha ya Android haihamishwi kwenda simu mpya. Ukibadilisha simu bila kutoa vilivyomo, vimebaki huko.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kwa simu ni kweli tupu: wengi wanaokuja kwangu na malalamiko ya siri kuvuja, aliyesoma hakuwa mdukuzi wa mbali. Badilisha namba ya simu kama unaweza. Kama kuibadilisha kutazua ugomvi nyumbani, basi kitu cha siri kihitaji ufunguo wa pili ambao haujawahi kutamkwa wala kuandikwa mbele ya mtu.

Zile programu za kufunga programu nyingine, zilizojaa dukani, zinafaa?

Kwa mtoto wa miaka mitano, ndiyo.

Programu hizi haziwezi kuigusa programu nyingine kwa ndani. Zinachofanya ni kukaa macho, na ukifungua kitu ulichokifunga zinaruka mbele na kuweka pazia lao juu yake. Kwa hiyo zinaondoka kirahisi. Simu nyingi za Android zina hali salama ya kuwashia, ambayo programu ulizosakinisha mwenyewe hazifanyi kazi. Kufuli linakuwa limelala. Nyingine unaziondoa tu kama programu yoyote.

Halafu angalia zinachoomba. Ili zijue umefungua nini, nyingi hudai ruhusa ya huduma za ufikivu, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya wasioona vizuri. Ruhusa hiyo inaweza kuisomea programu kila kilichoandikwa kwenye skrini na hata kubonyeza vitufe kwa niaba yako. Unampa mlinzi usiyemjua funguo za vyumba vyote ili akulindie kimoja.

Ndugu zao ni vile vikokotoo bandia vya kufichia picha. Unaandika namba, unabonyeza alama ya sawasawa, sanduku linafunguka. Baadhi yake huhamishia picha kwenye folda iliyofichwa bila kuzisimba, na mtu akiiunganisha simu na kompyuta anaweza kuzikuta. Na ukiondoa programu bila kuzitoa picha kwanza, mara nyingi zinaondoka nayo. Tumia kufuli lililokuja na simu, au kufuli la programu yenyewe. WhatsApp, kwa mfano, inaweza kufunga soga moja moja tangu 2023, na unaweza kuipa msimbo wa siri ambao si namba ya simu.

Kuficha na kusimba, tofauti ni nini?

Kuficha ni kuweka bahasha chini ya godoro. Kusimba ni kuandika barua kwa herufi ambazo wewe tu unajua kuzisoma. Aikoni iliyotolewa kwenye skrini ya mwanzo imefichwa. Mtu akiandika jina la programu hiyo kwenye sehemu ya kutafuta huenda ikajitokeza. Jaribu kwenye simu yako.

Nimelifunga dokezo lakini jina lake bado linaonekana. Ni hitilafu?

Hapana. Kwenye programu ya Apple kichwa cha dokezo kinabaki wazi kwenye orodha, na kichwa ni mstari wako wa kwanza. Nimeona dokezo lililofungwa barabara ambalo mstari wake wa kwanza ulikuwa siri yenyewe. Andika kitu cha kuchosha hapo juu, kama "Vipimo vya pazia," kisha siri ianzie mstari wa pili.

Nimefunga kila kitu, lakini siri bado zinaonekana. Zinapita wapi?

Kwanza ni arifa. Simu imelala mezani, skrini inawaka, na sentensi mbili za kwanza za ujumbe ziko hapo kwa kila aliyekaa. Kwenye mipangilio ya arifa, chagua maudhui yasionekane skrini ikiwa imefungwa.

Pili, orodha ya programu ulizotumia karibuni. Ukitelezesha kidole kutoka chini unaziona kama kadi, na kila kadi ina picha ya ulichokuwa unakisoma. Programu za benki huonyesha kadi tupu kwa sababu waundaji wake walizuia picha hiyo. Programu nyingi za madokezo hazifanyi hivyo mpaka uziambie.

Tatu, kibodi, ambayo watu huisahau kabisa. Ukinakili nenosiri, linakaa kwenye ubao wa kunakili. Bonyeza aikoni ya ubao juu ya herufi uone: huenda ukakuta vitu ulivyonakili asubuhi vimepangwa kwenye foleni. Tangu Android 13 simu hufuta ulichonakili baada ya muda, lakini kibodi nyingine zina orodha yao wenyewe. Kibodi hujifunza maneno pia. Andika herufi mbili za kwanza za jina la mtu unayemficha uone itapendekeza nini.

Madokezo yangu yako kwenye simu tu, au pia mtandaoni?

Kama ukiingia kwenye akaunti yako kutoka simu mpya unayakuta, basi yako mtandaoni pia. Google Keep, kwa mfano, haina kufuli la dokezo moja moja, na kila kilichomo kinasomeka kwenye kivinjari chochote kilichoingia akaunti yako. Mtu anaweza kulinda simu kama jicho, kumbe kompyuta ya sebuleni iko wazi na akaunti imo humo tangu mwaka juzi. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, tazama orodha ya vifaa, ondoa usivyovitambua na usivyovitumia. Fanya hivyo pia kwenye vifaa vilivyounganishwa vya WhatsApp. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili.

Hapo tumemzuia mtu wa nyumbani. Kampuni inayotunza madokezo bado inaweza kuyafungua, isipokuwa yamesimbwa toka mwanzo hadi mwisho, ambapo ufunguo hauondoki kwenye vifaa vyako. Standard Notes na Notesnook ziko hivyo bila kuwasha chochote. Joplin inaweza, lakini ni lazima uiwashe mwenyewe. Kwenye iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, kuna ulinzi wa ziada uliokuja mwishoni mwa 2022 unaoyasimba na madokezo kwa namna hiyo. Nao huwashwa kwa hiari, na mwaka 2025 Apple waliacha kuwapa watumiaji wapya wa Uingereza.

Kama maandishi yako ni orodha ya manunuzi na shairi moja baya, huhitaji haya yote.

Naweza kuweka manenosiri ya benki kwenye madokezo?

Usiweke. Tumia kitunza-manenosiri: Bitwarden, au KeePassDX kwenye Android kama hutaki kitu kipite mtandaoni. Hizi zinasimba kila kitu kwa nenosiri kuu moja, na Bitwarden ina sehemu ya madokezo ndani yake, kwa hiyo mtu mwenye maandishi machache ya siri anaweza kuyaweka humo na kuachana na habari ya programu nyingine. Mimi ndivyo ninavyofanya.

Na picha ya kitambulisho au kadi ya benki uliyopiga "kwa muda tu"? Iko kwenye galari, na huenda imeshapanda kwenye hifadhi ya picha mtandaoni. Ihamishe au uifute leo.

Nimesahau nenosiri la dokezo. Nitalipataje?

Kwa madokezo ya Apple yenye nenosiri la pekee, hutalipata. Unaweza kuweka nenosiri jipya kwa madokezo yajayo, lakini la zamani linabaki na kufuli lake la zamani, na hata Apple hawawezi kulifungua. Nenosiri kuu la Bitwarden ni vivyo hivyo. Folda Salama ya Samsung inaweza kuokolewa kupitia akaunti ya Samsung kama uliruhusu jambo hilo mapema.

Mimi mwenyewe ninalo dokezo moja nililolifunga miaka kadhaa iliyopita kwa nenosiri nililoliona la akili sana siku ile. Linaitwa "Muhimu." Mpaka leo sijui lina nini, na nimeshindwa kulifuta.

Fundi anataka namba yangu ya siri ili atengeneze simu. Nimpe?

Muulize anaihitaji kwa lipi. Kubadilisha kioo au betri hakuhitaji namba. Kujaribu kama kioo kipya kinaitikia mguso unaweza kufanya wewe ukiwa umesimama pale pale. Kama simu itabaki kwake, Samsung nyingi zina hali ya matengenezo na Google Pixel zina hali ya ukarabati: ukiiwasha, fundi anaona simu kama mpya, na vitu vyako vinabaki vimefungwa mpaka uingize namba yako mwenyewe. Kama simu yako haina kitu hicho, weka nakala rudufu, futa simu yote, ndipo umkabidhi. Ni usumbufu, najua.

Simu iliyozimika kabisa haikupi nafasi ya kufanya lolote kati ya haya. Kwa hiyo hali hiyo ya matengenezo au ukarabati itafute leo kwenye mipangilio, ingali inawaka.

Mtu akiniomba simu aangalie kitu kimoja?

Bandika programu hiyo. Android ina kubandika programu na iPhone ina Guided Access. Zote humzuia kutoka kwenye programu uliyomfungulia mpaka uingize namba, mradi kwenye Android umewasha mpangilio wa kudai namba kabla ya kubandua. Ijaribu kwanza peke yako, maana kujifunza mbele ya mtu anayesubiri kunaonekana vibaya.

Simu ikiibiwa, nifanye nini kwanza?

Ifunge au uifute kwa mbali kupitia huduma ya kutafuta simu ya Google au Apple, kisha piga simu kwa mtandao wako waizuie laini. Laini ndiyo watu huisahau: mwizi haihitaji simu yako iliyofungwa, anaichomoa laini, anaiweka kwenye simu nyingine na kuanza kupokea misimbo ya uthibitisho ya akaunti zako. Dawa yake huwekwa kabla ya wizi. Washa namba ya siri ya laini kwenye mipangilio, na uibadilishe ile iliyokuja nayo. Ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya PUK, kwa hiyo itafute PUK yako kabla hujaanza kujaribu.

Nashuku kuna mtu ameweka kitu cha kunifuatilia kwenye simu. Nitajuaje?

Kwenye Android, tazama orodha tatu: programu zenye ruhusa ya ufikivu, programu za msimamizi wa kifaa, na zenye ruhusa ya kusoma arifa. Jina usilolitambua hapo ni la kuulizia. Kwenye iPhone, tazama kama kuna wasifu wa usimamizi uliosakinishwa, na nani anashirikishwa mahali ulipo. Lakini kama unayemshuku ni mtu anayeweza kukudhuru, usikimbilie kuifuta: atajua mara moja kwamba umegundua. Tumia simu ya mtu mwingine kuomba msaada kwanza.

Nikifuta dokezo, limekwenda?

Bado. Kwenye programu ya Apple linakaa kwenye yaliyofutwa karibuni kwa hadi siku 30 au zaidi kidogo, na kwenye Google Keep linakaa kwenye tupio siku 7. Ingia huko ulifute mara ya pili. Na kama kabla ya kulifuta uliwahi kulipiga picha ya skrini ili umtumie mtu, anza na galari.